Nani akae karibu na mlingoti? Uchambuzi wa kisa cha bendera ya Haiti

Chukua bendera ya Ufaransa kwa kipimo chake cha leo, yaani 2 kwa 3. Tuseme ina kimo cha sentimita 90 na urefu wa sentimita 135. Ina vipande vitatu vya wima, kila kimoja sentimita 45: buluu upande wa mlingoti, nyeupe katikati, nyekundu upande unaopepea. Fumua kipande cha kati, kiweke kando, kisha shona viwili vilivyobaki. Ulichonacho sasa si mstatili tena, ni mraba wa 90 kwa 90, ukitoa kile kidogo kilicholiwa na mshono. Na mraba una hila yake. Ukiufunga kamba ubavuni, rangi zinasimama wima. Ukiugeuza na kufunga kamba upande wa pili, rangi zile zile zinalala, moja juu ya nyingine.

Historia ya bendera ya Haiti kwa sehemu kubwa ni historia ya mgeuzo huo. Wengi wanaijua kwa tukio moja, lile la jenerali aliyerarua nyeupe, halafu wanaishia hapo. Lakini kurarua kulikuwa kazi ya dakika moja. Mabishano yaliyofuata yalidumu zaidi ya miaka 180, nayo yalihusu jambo dogo kwa macho: rangi ya kwanza iwe ipi, ikae upande gani, na isimame au ilale.

Arcahaie, Mei 1803

Arcahaie ni mji wa pwani, kaskazini-magharibi mwa Port-au-Prince. Kati ya tarehe 14 na 18 Mei 1803 wakuu wa jeshi lililokuwa likipigana na Wafaransa walikutana hapo. Jambo lao la kwanza halikuwa bendera. Lilikuwa amri ya jeshi: makundi yaliyopigana kila moja kivyake, mengine ya Weusi waliokuwa watumwa, mengine ya machotara waliokuwa huru tangu kabla ya mapinduzi, yakubali kuwa chini ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa Jean-Jacques Dessalines. Upande wa machotara, jina kubwa lilikuwa Alexandre Pétion.

Wakati huo Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi kabla ya Dessalines, alikuwa amekufa siku 41 tu kabla, tarehe 7 Aprili, katika gereza la Fort de Joux kwenye baridi ya milima ya mashariki ya Ufaransa. Toussaint alipigana miaka mingi chini ya bendera ya rangi tatu, akiamini kwamba Jamhuri ya Ufaransa iliyofuta utumwa mwaka 1794 ingelinda neno lake. Mei 1802 Napoleon alitia saini sheria ya kudumisha utumwa katika makoloni, na habari za utumwa kurudishwa Guadeloupe zikafika Saint-Domingue, koloni hili ambalo baadaye liliitwa Haiti, zikawatoa mashaka waliokuwa bado wanasitasita. Dessalines na Pétion wenyewe walikuwa makamanda katika jeshi la Ufaransa hadi Oktoba 1802.

Kwa hiyo kulikuwa na tatizo la vitendo kabisa, si la mashairi. Jeshi lililoasi liliendelea kupeperusha bendera ya adui. Wanahistoria wa Haiti wa karne ya 19 wanasimulia kwamba Wafaransa walipoteka bendera ya waasi vitani na kuikuta ni ile ile ya rangi tatu, walitangaza kuwa watu hawa hawataki kujitenga, wanagombea mambo madogo tu. Pétion akampelekea Dessalines ujumbe. Hapo ndipo kisu kilipopita kwenye kitambaa.

Simulizi linasema Dessalines alichana nyeupe, na Catherine Flon, anayesemwa kuwa binti yake wa ubatizo, akaunganisha buluu na nyekundu. Picha yake akishona imechorwa mara nyingi, na amewahi kuwekwa kwenye noti ya gourde 10 ya nchi hiyo. Wapo wanaobisha kama kila kipande cha simulizi hili kilitokea hivyo. Kwa uchambuzi huu hilo si kubwa. Kubwa ni namna rangi zilivyosomwa upya.

Ufaransani, nyeupe ilikuwa rangi ya mfalme, buluu na nyekundu rangi za jiji la Paris. Saint-Domingue walizisoma kama watu: nyeupe ni Wazungu, buluu ni Weusi, nyekundu ni machotara. Ukifikiri kidogo, usomaji huu una kasoro ya wazi, kwamba hakuna binadamu wa buluu. Lakini ulifanya kazi iliyotakiwa. Ukiondoa nyeupe, buluu na nyekundu zinagusana bila mtu wa kati. Mkataba wa Arcahaie ndio huo, umeandikwa kwa uzi. Bendera za mwanzo ziliongezewa maneno Liberté ou la Mort, uhuru au kifo, ili hata Mfaransa aliyeona kitambaa kutoka mbali asipate nafasi ya kubuni maana nyingine.

Mpangilio bado ulikuwa wima. Buluu ilibaki pale pale ilipokuwa, kando ya mlingoti.

Nyeusi inachukua nafasi ya buluu

Uhuru ulitangazwa Gonaïves tarehe 1 Januari 1804, wiki chache baada ya vita vya mwisho vya Vertières vya 18 Novemba 1803. Mwaka uliofuata Dessalines, sasa Mfalme Mkuu Jacques wa Kwanza, akatoa katiba ya 20 Mei 1805. Kifungu cha 20 kina mstari mmoja: rangi za taifa ni nyeusi na nyekundu. Nyeusi ikawekwa upande wa mlingoti, nyekundu upande unaopepea.

Hapa ndipo wachambuzi wengi hupita haraka, nasi tutakaa kidogo. Mtu akiona nyeusi ikichukua nafasi ya buluu huharakisha kusema Dessalines aliwatupa machotara. Nyekundu haikutoka, kwanza. Pili, kifungu hicho hakisomeki peke yake. Kifungu cha 14 kinasema Wahaiti wote watajulikana kwa jina la jumla la Weusi. Kifungu cha 12 kinakataza Mzungu wa taifa lolote kukanyaga nchi kwa jina la bwana au mwenye mali. Halafu kifungu cha 13 kinawatoa kwenye katazo hilo wanawake weupe waliopewa uraia pamoja na watoto wao, na pia Wajerumani na Wapolandi waliopewa uraia. Wapolandi hao walikuwa masalia ya vikosi ambavyo Napoleon alivituma kuja kuwapiga Wahaiti, wakabaki.

Ukiviunganisha vifungu hivyo, Mpolandi mwenye macho ya kijani aliyekaa kijiji cha Cazale au Fond-des-Blancs alikuwa, kwa sheria, Mweusi. Neno lilikuwa limeondolewa kwenye ngozi na kupewa uraia. Nyeusi ya mwaka 1805 karibu na mlingoti ilimaanisha raia wote, si kundi moja.

Hapo pana uzi unaotugusa hata sisi wa upande huu wa Afrika. Katika mashamba ya miwa ya Saint-Domingue watumwa waliandikwa kwa majina ya mataifa: Kongo, Arada, Nago, Ibo, na wengine Mozambique. Hilo la mwisho lilibeba watu waliopakiwa kwenye merikebu za Wafaransa kutoka pwani ya mashariki, biashara ambayo katika karne ya 18 ilifika hadi Kilwa. Wengi waliishia Mauritius na Réunion, lakini wapo waliozungushwa rasi ya kusini hadi Karibi. Kifungu cha 14 kiliyakunja majina yote hayo kuwa moja. Rangi nyeusi kwenye bendera ilikuwa kifungu hicho kwa kitambaa.

Nchi mbili, mipangilio miwili

Dessalines aliuawa kwa kuviziwa Pont-Rouge, karibu na Port-au-Prince, tarehe 17 Oktoba 1806. Nchi ikapasuka. Kaskazini alibaki Henri Christophe, aliyejitangaza mfalme mwaka 1811, akaendelea na nyeusi na nyekundu, akaongeza ngao yenye finiksi, yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka kwenye majivu. Kusini Pétion akaunda jamhuri, akarudisha buluu na nyekundu. Ila hakuzirudisha kama zilivyokuwa Arcahaie. Alizilaza: buluu juu, nyekundu chini, na katikati akaweka nembo juu ya kitambaa cheupe.

Kwa mlazo huo Pétion alitatua kitu ambacho hakikuwa kimetatuliwa. Katika bendera ya wima, rangi moja tu inagusa mlingoti, nyingine inaning'inia kwa mwenzake, na ndiyo inayochakaa kwanza kwa kupigwa na upepo. Katika bendera iliyolala, rangi zote mbili zinashika mlingoti. Kama kweli alilipanga hivyo kwa makusudi, hakuandika. Lakini mtu aliyewahi kushona bendera anaiona tofauti hiyo kabla ya kuambiwa, na kwa jamhuri iliyoongozwa na machotara wachache juu ya Weusi wengi, kusema kwamba wote tumeshika mti mmoja kulikuwa na faida ya kisiasa isiyohitaji maelezo.

Tangu hapo kukawa na lugha mbili. Wima na nyeusi: dola ya Dessalines, kaskazini, mamlaka ya Weusi. Mlalo na buluu: jamhuri, kusini, mapatano. Kila mtawala wa baadaye aliyegusa bendera alikuwa anachagua mojawapo, na raia walielewa bila tangazo.

Christophe alijiua tarehe 8 Oktoba 1820. Jean-Pierre Boyer, mrithi wa Pétion, akaingia kaskazini mwezi huo huo na buluu na nyekundu yake. Februari 1822 akaingia Santo Domingo, upande wa mashariki wa kisiwa, na kwa miaka 22 bendera hiyo moja ilipepea kisiwa kizima.

Mwisho wa kipindi hicho ulileta jambo la ajabu kidogo. Wadominika walipojitenga tarehe 27 Februari 1844, hawakubuni bendera kutoka sifuri. Juan Pablo Duarte na wenzake walichukua ile ya Haiti, buluu juu na nyekundu chini, wakapitisha msalaba mweupe katikati. Baadaye rangi za upande unaopepea zikabadilishana, ndiyo maana leo robo zake zinapishana kwa mshazari. Nyeupe iliyotolewa Arcahaie ikarudi kisiwani kwa mlango wa mashariki, safari hii ikiwa na maana ya dini, si ya ngozi. Ukiziweka bendera hizi mbili kando kwa kando, unasoma mpaka wa nchi hizo vizuri kuliko kwenye ramani.

Berlin, 1936

Michezo ya Olimpiki ya Berlin ilikutanisha Haiti na Liechtenstein, nchi ndogo ya milimani kati ya Uswisi na Austria. Ikagundulika kuwa bendera zao ni moja: buluu juu, nyekundu chini, bila alama. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Liechtenstein ilipata rangi zake kutoka nyumba ya watawala wake katika karne ya 18. Mwaka uliofuata, 1937, Liechtenstein ikaongeza taji la dhahabu kwenye sehemu ya buluu karibu na mlingoti.

Kwa nini Haiti haikubadilisha chochote? Kwa sababu ilikuwa na jibu tayari. Bendera ya serikali ya Haiti ina nembo. Ile tupu ni ya raia na meli za biashara. Kilichogongana na Liechtenstein ni hiyo ya raia. Kosa hili halijafa, limehamia kwenye skrini. Mchoraji wa picha za habari akipunguza bendera iwe na upana wa milimita chache, nembo inageuka kuwa doa jeupe lenye uchafu wa kijani. Anaifuta ili picha iwe safi. Aliyebaki naye ni Liechtenstein ya kabla ya 1937. Tangu askari polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince Juni 2024 na bendera hii kuanza kuonekana kila mara kwenye taarifa za Afrika Mashariki, jambo hili lina uzito hata kwa vyumba vya habari vya huku. Kwenye nafasi ndogo, acha lile doa jeupe hata kama halisomeki. Doa ndilo linalosema Haiti.

Duvalier anasimamisha rangi

François Duvalier alichaguliwa mwaka 1957 kwa siasa ya kuwainua Weusi dhidi ya tabaka la machotara lililoshika biashara na ofisi. Katiba ya 25 Mei 1964 ilimfanya rais wa maisha, na ikabadilisha bendera: nyeusi na nyekundu, wima, nyeusi upande wa mlingoti. Mpangilio wa Dessalines, karibu sentimita kwa sentimita.

Karibu tu. Kipande ambacho hakikurudi ni kifungu cha 14. Mwaka 1805 nyeusi ilisimama pamoja na sheria iliyomfanya hata Mpolandi kuwa Mweusi. Mwaka 1964 ilisimama peke yake, na nyuma yake walikuwa Tonton Macoute, kikosi cha Duvalier cha kutisha raia. Kitambaa kile kile, katiba tofauti, maana ikageuka. Wanaosema Duvalier alirudisha bendera ya asili wanasema nusu ya ukweli. Rangi alizirudisha. Alichokizunguka ni sababu yake.

Kizazi kizima kilikua chini ya bendera hiyo. Timu ya Haiti iliyokwenda Kombe la Dunia la 1974 huko Ujerumani Magharibi, ile ambayo Emmanuel Sanon aliifungia bao dhidi ya Italia na kukata rekodi ya kipa Dino Zoff ya dakika 1,142 bila kufungwa, ilicheza chini ya nyeusi na nyekundu. Mtu anayetengeneza makala ya video kuhusu bao lile akabandika buluu na nyekundu pembeni ya skrini amekosea, ingawa mashabiki wachache watamgundua.

Jean-Claude Duvalier, mwana aliyerithi, alikimbia tarehe 7 Februari 1986. Hata kabla serikali ya mpito haijaandika chochote, watu mitaani walikuwa wameshatoa buluu na nyekundu. Tarehe 25 Februari bendera ilirudishwa rasmi, na katiba iliyopigiwa kura tarehe 29 Machi 1987 ikaifunga ndani ya kifungu cha 3.

Kifungu cha 3 kinasema nini, na kinanyamazia nini

Kinataja mambo matatu: mistari miwili ya mlalo iliyo sawa kwa ukubwa, buluu juu na nyekundu chini, nembo ya jamhuri katikati, juu ya mraba mweupe, na maelezo ya nembo, yaani mti wa jamii ya mitende wenye kofia ya uhuru juu yake, na chini ya makuti yake silaha zilizopangwa pamoja na maneno L'Union Fait la Force.

Kifungu hakitaji uwiano wa kimo na urefu. Kipimo kinachotumika ni 3 kwa 5. Hakitaji aina ya buluu wala ya nyekundu. Na ule mraba mweupe ni mgogoro wa kimyakimya: sheria inasema mraba, lakini bendera zinazoonekana kwenye milingoti ya ofisi za Haiti zenyewe zina mstatili, upana ukizidi kimo kidogo. Sababu ni nembo yenyewe. Mti ni mwembamba, lakini bendera ndogo, mizinga na nanga vimetanda pande mbili. Ukiviingiza kwenye mraba halisi, ama unavipunguza hadi visionekane, ama unaacha nafasi tupu juu na chini. Kwa maoni yetu mstatili ni sahihi kwa jicho na mraba ni sahihi kwa sheria. Ukishonea ubalozi, uliza kwanza.

Nembo inasomwa kutoka juu kwenda chini. Kileleni ni kofia ya uhuru, ile ya kuchongoka iliyolala ncha, iliyovaliwa na wanamapinduzi wa Ufaransa na kabla yao ikahusishwa na watumwa walioachwa huru Roma ya kale. Unafuata mtende wa kifalme, mti mrefu wa shina laini usiozaa nazi. Pande mbili za shina kuna bendera sita, tatu kila upande, na bunduki zenye singe. Chini ni ngoma, mizinga miwili, tufe za mizinga zilizorundikwa, tarumbeta, nanga, mashoka na vipande vya mnyororo uliokatika. Vyote vimesimama juu ya majani mabichi. Utepe mweupe wa maneno uko chini kabisa.

Maneno ya utepe huwachanganya wengi. L'Union Fait la Force, umoja ni nguvu, ni maandishi ya nembo. Kaulimbiu ya taifa, kwa kifungu cha 4, ni Liberté, Égalité, Fraternité. Ukiulizwa kaulimbiu ya Haiti ni ipi, jibu ni hiyo ya pili, japo macho yote yameona ya kwanza.

Kuishona bila kuiharibu

Tuchukue bendera ya kimo cha sentimita 90 na urefu wa sentimita 150. Kila mstari ukikamilika una kimo cha 45. Kata buluu na nyekundu kwa kimo cha 49: sentimita 1.5 za mshono wa kati na 2.5 za pindo la nje. Kwa urefu, kata 157: sentimita 1.5 zinaingia kwenye mkanda wa turubai upande wa mlingoti, na 5.5 zinakunjwa mara mbili upande unaopepea. Upande huo ushonwe mistari minne, si miwili, kwa sababu ndiko upepo unakoanza kutafuna, na pembe ya chini ndiyo hufa kwanza.

Kabla ya yote, loweka kitambaa chekundu peke yake katika maji baridi, ukisuuze mpaka maji yatoke safi. Nyekundu isiyosuuzwa hutoa rangi kwenye mvua ya kwanza na kuutia uwaridi ule mraba mweupe, na hakuna sabuni itakayouokoa bila kuvuruga nembo.

Alama ya katikati iko sentimita 75 kutoka ukingo wa mlingoti, juu ya mshono wenyewe. Kitambaa cha nembo, tuseme 30 kwa 30 kwa sheria au 34 kwa 30 kwa mazoea, kinakaa nusu juu ya buluu na nusu juu ya nyekundu. Hapa ndipo bendera nyingi zinaharibika. Ukikishona juu bila kukata kilicho nyuma, bendera ikiwekwa mbele ya jua buluu inaonekana kupitia nusu ya juu na nyekundu kupitia nusu ya chini, na mtende unaonekana umeoteshwa kwenye maji machafu. Dawa ni kukata dirisha nyuma ya kitambaa cheupe, dogo kwa sentimita 1 kila upande, halafu kuweka nembo ya pili upande wa nyuma, migongo ikitazamana, na kati yao kitambaa kizito kisichopitisha mwanga. Nembo mbili ni za lazima kwa sababu nyingine pia: iliyochapwa upande mmoja ikapenya husomeka kinyume upande wa pili, na maneno ya utepe yanageuka kitendawili.

Hakikisha kofia ya uhuru inaelekea buluu. Inaonekana ni neno la kumwambia mtoto, lakini nembo hushonwa kwenye meza, fundi akiwa amekaa upande wowote, na kitambaa cheupe cha mraba hakina juu mpaka mtu akitie alama. Tia alama ya chaki.

Kwenye skrini, misimbo inayotumika sana ni 00209F kwa buluu na D21034 kwa nyekundu. Kwenye kitambaa, usiache fundi achague buluu ya sare za shule. Buluu iliyokolea mno, jioni au chini ya wingu, inasomeka kama nyeusi.

Na hilo linapata ubaya wake pale bendera inapotundikwa wima ukutani, kwenye ukumbi mwembamba au nguzo ya barabarani wakati wa sherehe za 18 Mei, siku ya bendera. Desturi ni buluu iwe kushoto kwa anayetazama. Bendera ya kawaida ikigeuzwa hivyo, mtende unalala ubavu kama umekatwa, kwa hiyo kwa kutundika wima inabidi ishonwe ya peke yake, nembo ikiwa imesimama. Wengi wanakwepa gharama hiyo kwa kuchukua bendera tupu ya raia. Sasa tazama kilicho ukutani: vipande viwili vya wima, chekundu upande wa kulia, na cha kushoto buluu iliyokolea ambayo kwa taa za ukumbi haina tofauti na kaniki. Mzee wa Kihaiti akiingia mlangoni, aliyekuwa mtu mzima mwaka 1985, hatasoma Arcahaie.